PSA yangu ni 3.1 na nina kilo 118: je, unene unaweza kuficha saratani ya tezi dume?

Swali la msomaji: "Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwanaume wa miaka 54, naishi Tabata, nauza vipuri vya magari Gerezani, Kariakoo. Nina kilo 118, urefu sentimita 172. Kaka yangu mkubwa aligundulika na saratani ya tezi dume akiwa na miaka 61, sasa anatibiwa Ocean Road. Ndipo na mimi nikaenda maabara kupima PSA. Majibu yalitoka 3.1. Pembeni wameandika kawaida ni 0 hadi 4, na kijana wa maabara akaniambia, 'Mzee, uko safi.' Jirani yangu wa dukani ana urefu kama wangu ila ni mwembamba, kilo 68. Yeye alipata 4.2, akaambiwa akamwone daktari bingwa. Mke wangu ni muuguzi, anasema unene hushusha kipimo hiki. Ni kweli? Na je, nipungue kwanza ndipo nikapime upya? Natumia dawa ya presha na metformin. Mkojo unatoka vizuri, sina shida yoyote."

Jibu: Kaka yangu, kwanza pole kwa kuuguza, na mfikishie kaka salamu zangu. Mkeo amesema kweli. Unene hushusha namba ya PSA, na kwa uzito wako huishusha si haba. Kuhusu kupungua kwanza ndipo upime upya, hapana, usisubiri. Kupungua ni kazi ya miezi na miaka, na kipimo chako kinahitaji kufuatiliwa sasa. Kijana wa maabara alisoma kilichoandikwa kwenye karatasi, na kwenye karatasi ile hapakuwa na mahali pa kuandika kilo zako wala habari za kaka yako. Mambo hayo mawili ndiyo yanayobadilisha maana ya 3.1.

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume yenyewe. Kazi yake ni kuyalainisha manii yawe mepesi baada ya kutoka. Karibu yote hubaki huko huko kwenye manii, na chembe kidogo tu huvuja na kuingia kwenye damu. Kitu chochote kinachoivuruga tezi, iwe saratani, uvimbe wa kawaida wa umri, maambukizi au mpira wa mkojo, huongeza uvujaji huo na namba hupanda. Kwa hiyo PSA inatuambia habari za tezi kwa jumla. Haituambii moja kwa moja kwamba saratani ipo au haipo. Marekani waliiruhusu mwaka 1986 kwa ajili ya kufuatilia wagonjwa waliokwisha kugundulika, na mwaka 1994 ndipo ikaruhusiwa kusaidia kutafuta ugonjwa kwa watu ambao bado hawajajulikana.

Ile 4 uliyoiona kwenye karatasi ni mstari uliochorwa na watu ili kurahisisha uamuzi. Mwaka 2004 Marekani yalitoka matokeo ya utafiti ambao wanaume 2,950 waliokuwa na PSA isiyozidi 4 kwa miaka yote ya utafiti walichukuliwa vinyama vya tezi dume mwishoni ili vipimwe. Asilimia 15 hivi walikutwa na saratani, na kati ya hao wenye saratani, karibu asilimia 15 ilikuwa ya aina kali. Hawa wote, kwa karatasi ya maabara, walikuwa "safi". Ulaya nako, katika utafiti mkubwa wa kupima wanaume kwa PSA, vituo vingi vilitumia mstari wa 3: mwanaume mwenye 3 na kuendelea alipelekwa kuchukuliwa vinyama. Kwa mstari huo, wewe mwenye 3.1 ungeitwa, hata bila kuutaja uzito wako.

Sasa tuje kwenye uzito. Maabara haipimi PSA yote iliyomo mwilini. Inapima ni nanogramu ngapi zimo ndani ya mililita moja ya damu. Na mwili mkubwa una damu nyingi zaidi, hasa ile sehemu ya majimaji tunayoiita plazima. Kijiko kile kile cha chumvi ukikitia kwenye sufuria ndogo ya mchuzi wa nyumbani utakisikia. Ukikitia kwenye sufuria la mchuzi wa shughuli, utasema mpishi amesahau chumvi. Tezi yako inaweza kuwa inamwaga PSA kiasi kile kile cha mtu mwembamba, ila inamwaga kwenye sufuria kubwa zaidi.

Hili limepimwa. Mwaka 2007 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha utafiti wa wanaume karibu 14,000 waliofanyiwa upasuaji wa kutoa tezi dume kwa sababu ya saratani. Wenye BMI (kilo za mtu zikigawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) ya 35 na zaidi walikuwa na plazima nyingi kuliko wenye uzito wa kawaida kwa takriban moja ya tano, na PSA yao ilikuwa chini kwa asilimia 11 hadi 21. Lakini walipopiga hesabu ya PSA yote iliyomo kwenye damu, badala ya ile ya mililita moja, tofauti kubwa kati ya wanene na wembamba haikuonekana. Miaka miwili kabla ya hapo, huko San Antonio, Texas, walichunguza wanaume 2,779 wasio na saratani na kuona PSA ikishuka hatua kwa hatua kadiri BMI inavyopanda: wastani wa 1.01 kwa wenye uzito wa kawaida, hadi 0.69 kwa wanene sana.

BMI yako, nimeipiga, ni karibu 40. Upo kwenye kundi lile la juu kabisa. Tufanye hesabu pamoja, maana umenipa namba zako na za jirani yako, na kwa bahati nzuri mna urefu mmoja.

Kwa fomula wanayotumia watafiti, ambayo hukadiria plazima kutokana na uzito na urefu, wewe una plazima ya lita 3.8 hivi. Jirani yako wa kilo 68 ana lita 3.0. PSA yako ya 3.1 ukiizidisha kwa plazima yako unapata mikrogramu 11.8 za PSA kwenye mzunguko mzima wa damu. Yake ya 4.2 ukiizidisha kwa plazima yake unapata 12.6. Kwenye karatasi ninyi wawili mmeachana mbali: mmoja "safi", mwingine "akamwone bingwa". Mwilini tezi zenu zinamwaga karibu sawa. Na ile 11.8 yako tungeihamishia kwenye mwili wa jirani yako, maabara ingesoma 3.9. Hata nikichukua kiwango cha chini cha ule utafiti wa 2007, asilimia 11, bado ingesoma karibu 3.5.

Naomba usiichukue hesabu hii ukaigeuza hukumu. Ni makadirio, na miongozo mikubwa ya madaktari bado haijaweka mstari tofauti wa PSA kwa wanene. Hakuna atakayeandika 3.9 kwenye faili lako, wala hapaswi. Ila daktari mwenye uzoefu akiiona 3.1 kwa mtu wa kilo 118 ataitazama kwa jicho jingine, na hilo ndilo ninalotaka ulidai.

Zaidi ya wingi wa damu, ipo njia ya pili, ya homoni. Tezi dume hutengeneza PSA kwa kuamrishwa na testosteroni. Mafuta mwilini, hasa ya tumboni, yana kimeng'enya kinachoigeuza testosteroni kuwa estrojeni, na wanaume wanene kwa kawaida huwa na testosteroni ya chini kuliko wenzao. Amri ikipungua, PSA nayo hupungua kidogo. Metformin unayotumia ni dawa ya kisukari, na wenye kisukari huwa na PSA ya chini kidogo kuliko wasio nacho. Baadhi ya dawa za presha za kundi la kukojosha, na dawa za kushusha lehemu, zimehusishwa na PSA ya chini kwa watu waliozitumia muda mrefu. Hukunitajia jina la dawa yako ya presha. Mwambie daktari atakayekuona. Hakuna hata moja kati ya dawa hizo unayopaswa kuiacha kwa sababu ya kipimo hiki. Presha na sukari vinaua Dar es Salaam kila siku, na vinaua haraka kuliko tezi dume.

Dawa moja naitaja kwa msisitizo. Kama umewahi kuandikiwa finasteride au dutasteride, zile za kusinyaza tezi iliyovimba (finasteride wengine huitumia pia kwa upara), ukishazitumia miezi sita hadi mwaka PSA hushuka kwa karibu nusu, na sisi huizidisha kwa mbili ili kupata thamani yake halisi. Wapo wanaozipata duka la dawa kwa kuelekezwa na rafiki na hawazitaji kliniki kwa kuwa hawazihesabu kama dawa "kubwa". Vivyo hivyo zile za nguvu za kiume zinazouzwa mitaani bila maandishi yanayoeleweka. Ukienda kwa daktari, beba kila kopo unalotumia, hata lile unaloona aibu kulitoa.

Umeandika kwamba mkojo unatoka vizuri. Nafurahi, ila usiuweke kwenye mizani hii. Saratani ya tezi dume mara nyingi huanzia pembezoni mwa tezi, upande wa nyuma, mbali na mrija wa mkojo. Inaweza kukaa miaka bila kumzuia mtu kukojoa. Shida za mkojo kwa wanaume wa umri wetu kwa kawaida hutokana na ule uvimbe wa umri, ambao si saratani. Wagonjwa wengi ninaowapokea wakiwa wamechelewa walikuwa wanakojoa vizuri tu. Kilichowaleta ni maumivu ya mgongo au nyonga, saratani ikiwa imeshafika kwenye mifupa.

Sasa kaka yako. Mwanaume ambaye ndugu yake wa kuzaliwa naye amepata saratani ya tezi dume ana uwezekano wa kuipata mara mbili hadi tatu ukilinganisha na asiye na ndugu kama huyo. Kwenye hesabu za hatari, ndugu wa tumbo moja huwa na uzito zaidi hata ya baba. Na sisi Waafrika tuna sababu ya ziada ya kuwa macho: Marekani, ambako takwimu zimewekwa vizuri kwa miaka mingi, wanaume weusi hufa kwa ugonjwa huu takriban mara mbili ya wazungu. Hapa kwetu Tanzania ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume. Uliza pia kuhusu wanawake wa ukoo wenu: kama kuna dada, mama, shangazi au mama mdogo aliyepata saratani ya matiti au ya ovari akiwa bado kijana, hilo ni jambo la kumwambia daktari, kwa sababu zipo kasoro za vinasaba zinazorithiwa ambazo huleta saratani hizo kwa wanawake na ya tezi dume kwa wanaume wa ukoo mmoja.

Kuna jambo lingine kuhusu unene ambalo watu hulichanganya. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba wanaume wanene hawagunduliki zaidi na saratani ya tezi dume ya aina ya upole. Wakati mwingine hugundulika nayo kidogo kuliko wembamba. Mtu akisoma hapo anaweza kusema, basi kitambi kinakinga. Lakini ukitazama saratani kali, zilizosambaa, na vifo, picha inageuka. Utafiti wa chama cha saratani cha Marekani uliofuatilia wanaume zaidi ya 400,000 kuanzia mwaka 1982 ulikuta kwamba wenye BMI kati ya 35 na 39.9 walikufa kwa saratani ya tezi dume kwa asilimia 34 zaidi ya wenye uzito wa kawaida. Mwaka 2014 mfuko wa kimataifa wa utafiti wa saratani ulifikia hitimisho kwamba kuna uwezekano mkubwa unene unaongeza hatari ya saratani ya tezi dume iliyofikia hatua mbaya.

Kwa nini? Sehemu ni mwili wenyewe: insulini nyingi, uvimbe wa chini chini unaosababishwa na mafuta, na hali ya testosteroni ya chini ambayo wengi tunadhani huzipa nafasi seli zilizo sugu zaidi. Lakini sehemu nyingine, na hii ndiyo inayonisumbua kwa sababu inazuilika, ni kuchelewa kugundua. PSA imepunguzwa makali na wingi wa damu, mgonjwa anaambiwa yuko safi, anarudi baada ya miaka mitatu au minne ugonjwa ukiwa umekwenda mbali. Ni kiasi gani kinatokana na mwili na kiasi gani na kuchelewa, wataalamu bado wanabishana. Lakini kuondoa huko kuchelewa, mimi na wewe tunaweza.

Kwa hiyo fanya hivi. Ndani ya wiki chache zijazo rudia PSA, na uirudie kwenye maabara ile ile. Mashine za maabara tofauti hazisomi sawa. Zipo ambazo kwa damu ile ile hutofautiana kwa karibu asilimia 20 kwa sababu tu ya namna zilivyosawazishwa. Ukipima leo Tabata na mwezi ujao Upanga, hutajua kama kilichobadilika ni tezi au mashine. Hata kwenye mashine moja, PSA ya mtu yule yule hupanda na kushuka kidogo bila sababu yoyote ya ugonjwa, ndiyo maana hatuamui jambo kubwa kwa karatasi moja. Siku mbili kabla ya kipimo usitoe manii, na usiendeshe baiskeli safari ndefu. Kama ulikuwa na UTI hivi karibuni, tibu kwanza na upe wiki sita au zaidi. Omba wakupimie pia PSA huru, yaani ile inayoelea kwenye damu bila kushikamana na protini nyingine, wakupe asilimia yake. Kwa mtu wa mwili wako kipimo hiki kina faida ya pekee: ni uwiano wa PSA kwa PSA, na wingi wa damu unapunguza pande zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo uwiano unabaki pale pale. Ikiwa chini ya asilimia 10, wasiwasi unaongezeka. Ikizidi 25, unapungua. Katikati hapo daktari atatumia mambo mengine kuamua.

Kisha nenda ukamwone daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, ana kwa ana. Muhimbili wapo, na hospitali kadhaa za binafsi hapa mjini zina kliniki hiyo. Usipeleke majibu kwa simu ukadhani umemaliza, kwa sababu kuna kipimo cha kidole.

Najua kinachosemwa vijiweni kuhusu kipimo hiki. Nimeona wanaume wakighairi mlangoni kwa sababu yake. Ukweli wake ni huu: unalala ubavu wa kushoto, unakunja magoti kuelekea kifuani, daktari anavaa glavu yenye mafuta ya kulainisha na kugusa uso wa nyuma wa tezi kupitia njia ya haja kubwa. Anatafuta sehemu ngumu, kijinundu, au upande mmoja usiofanana na mwingine. Ni chini ya dakika moja. Kinakera, hakiumizi isipokuwa tezi ikiwa na maambukizi. Na kwa mwili mkubwa huwa kigumu kukifanya vizuri. Makalio na mafuta ya nyonga huzuia mkono, na mara nyingine kidole huishia kwenye ukingo wa chini wa tezi, sehemu ya juu isiguswe kabisa. Ikiwa daktari atakwambia "sijafika vizuri", mshukuru kwa kuwa mkweli, na ujue kwamba kwako kipimo cha kidole kikitoka kizuri hakitoshi kufunga mjadala, kama ambavyo 3.1 haitoshi.

Ndiyo maana kwa mtu mwenye namba kama zako, ndugu kama wako na mwili kama wako, mimi ningeomba kuujua ukubwa wa tezi, na ikiwezekana picha ya MRI ya tezi dume. Ukubwa una maana yake. Tezi ya mililita 50 kumwaga PSA ya 3.1 si ajabu. Nyama ni nyingi. Tezi ya mililita 20 ikitoa 3.1, kila mililita inatoa 0.155, na hapo tumeshavuka 0.15, kiwango ambacho wengi wetu hukitumia kusema tutazame ndani zaidi. Nawe kumbuka kwamba 3.1 yenyewe imepunguzwa na wingi wa damu, kwa hiyo hata ikisoma 0.12 nisingeipuuza. MRI si rahisi kwa bei. Uliza bima yako kabla, na uliza pia uwezo wa mashine, kwa sababu si kila sehemu inayofanya MRI ya kichwa na mgongo huisoma vizuri ya tezi dume. MRI ikionyesha eneo la kutilia shaka, ndipo tunazungumza habari ya kuchukua vinyama.

Kabla hujafika huko, ni haki yako kujua na upande wa pili. Saratani nyingi za tezi dume zinazogunduliwa kwa PSA ni za mwendo wa pole, na baadhi ya wanaume hutibiwa ugonjwa ambao usingewaua, wakabaki na shida ya kuvuja mkojo au ya tendo la ndoa. Ule utafiti wa Ulaya, baada ya kuwafuatilia watu miaka 23, ulionyesha kwamba kupima kulipunguza vifo vya ugonjwa huu kwa asilimia 13. Ni faida ya kweli, lakini haikuja bure. Leo mtu akikutwa na saratani ya pole tunaweza kukubaliana kuifuatilia kwa vipimo bila kukata wala kuchoma kwa mionzi, na hiyo ni njia halali ya matibabu, si uzembe wa daktari. Zungumza na mkeo kabla, mkiwa mmetulia. Kwako wewe, kaka yako akiwa yuko kwenye matibabu, mizani kwa maoni yangu inaelemea upande wa kuchunguza.

Jirani yako naye asikose usingizi. Kwa takwimu za Marekani, kati ya wanaume wenye PSA ya 4 hadi 10 wanaochukuliwa vinyama, takriban mmoja kati ya wanne hukutwa na saratani. Wengine wana tezi kubwa tu, au uvimbe uliopita. Aende akaonane na huyo bingwa kama alivyoambiwa. Mwende pamoja mkitaka, foleni ya kliniki ni nyepesi mkiwa wawili.

Kuhusu kupungua: pungua, tena anza wiki hii, ila kwa sababu ya sukari, presha, moyo na magoti yako, na kwa sababu ikitokea siku unahitaji upasuaji au mionzi, mwili mwepesi hurahisisha kazi ya daktari na kupona kwako. Kuwalenga vizuri kwa mionzi wagonjwa wa mwili mkubwa ni kazi ngumu zaidi, na dawa za kushusha homoni ambazo wengine hupewa huongeza mafuta na sukari juu ya vile mtu alivyoanza. Wafanyabiashara wa Kariakoo nawafahamu: mnakaa kwenye stuli tangu asubuhi, chai na maandazi, mchana chipsi au wali wa kuletewa, soda mbili kwa joto lile, jioni foleni ya Mandela, na chakula kizito saa nne usiku. Anzia kwenye soda na bia, kisha saa ya chakula cha usiku, kisha kutembea. Kwa mwili wako hata kilo 6 hadi 12 za mwanzo zitaonekana kwenye sukari na presha, na huenda dozi ikahitaji kupunguzwa, kwa hiyo usipungue bila daktari wako wa kisukari kujua. Unga na chai za kupunguza mwili zinazotangazwa kwenye simu ziache.

Hili sasa mwambie na mkeo, maana ndiye atakayesoma majibu yako siku hiyo. Ukipungua kilo nyingi, PSA yako inaweza kupanda kidogo. Plazima imepungua, testosteroni imeongezeka, na PSA ile ile sasa iko kwenye damu chache. Mtu asiyejua ataona 3.1 imekuwa 3.5 na kudhani kupungua kumemletea ugonjwa. Ndiyo maana nataka uwe na namba mbili tatu za sasa, kila moja imeandikwa pembeni tarehe, uzito wa siku hiyo na jina la maabara, kwenye daftari au kwenye simu. Kupanda taratibu sambamba na kilo kushuka kunaeleweka. Kupanda kwa kasi, au kupanda huku uzito umesimama, kunatuita kliniki. Na ukiona unapungua bila kufanya juhudi yoyote, hasa kukiwa na maumivu ya mgongo yasiyoisha usiku au miguu kukosa nguvu, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mwisho, una wadogo zako? Na kaka mkubwa ana watoto wa kiume? Wanaume wa familia yenu wasingoje miaka 50. Wafanye mazungumzo haya na daktari wakifika 45, na kama yupo mwingine kwenye ukoo aliyeugua kabla ya 60, hata 40. Kila mmoja wao akienda kupima, aandike kilo na urefu wake juu ya karatasi kabla ya kumkabidhi daktari.